Serikali ya Marekani ikifungwa, angalia mkataba wako unasemaje

Januari 2019 nilimpigia mama simu Tanga kumwambia kwamba mwezi ule sitaweza kutuma kitu, kwa sababu serikali ya huku imefungwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Imefungwa kwa kosa gani, mwanangu?" Nikamweleza kwamba hakuna aliyepelekwa jela, ni ofisi zimefungwa kwa kuwa Bunge halijapitisha fedha. Akauliza tena, "Na wewe unauza supu. Supu yako inahusiana nini na Bunge?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi tangu siku ile, kwa ndugu wa nyumbani na kwa Waswahili wenzangu wanaohamia Washington na Maryland na kupata kazi kama niliyokuwa nayo. Leo naliandika jibu lote, wale wanaoanza kazi wasifike pale nilipofika mimi bila kujua kinachowasubiri.

Nilikuwa mhudumu kwenye mkahawa ulio ndani ya makumbusho moja ya serikali. Jengo la serikali, picha ukutani mali ya taifa, lakini mkahawa umepewa kampuni binafsi kwa tenda, na aliyeniajiri ni hiyo kampuni. Serikali ilifungwa 22 Desemba 2018. Makumbusho yetu yalikuwa na akiba kidogo ya fedha za mwaka uliotangulia, kwa hiyo tukaendelea kufungua wiki nzima ya sikukuu, na watalii walijaa hadi tukaishiwa vikombe. Baada ya mwaka mpya akiba ikakauka. Siku ya mwisho tulimwaga maziwa, tukagawana nyanya zilizokwisha kukatwa, tukaifunika mashine ya kahawa kwa plastiki. Mlinzi akabandika karatasi mlangoni. Nilipokuwa natoka, taa za ukumbi mkubwa zimeshapunguzwa, nikasikia viatu vyangu mwenyewe vikigonga sakafu. Miaka mitatu nimepita ukumbi ule kila siku, sikuwahi kuvisikia.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwaka wa bajeti wa Marekani unaanza 1 Oktoba. Bunge lisipoidhinisha matumizi, sheria ya zamani sana, ya mwaka 1884, inazikataza ofisi kutumia fedha ambazo hazijaidhinishwa. Hata mfanyakazi akitaka kuja kujitolea bure haruhusiwi, isipokuwa kazi inagusa usalama wa maisha au mali. Wengine wanarudishwa nyumbani bila malipo, wengine (walinzi wa viwanja vya ndege, kwa mfano) wanaendelea na kazi huku mshahara haujulikani utaingia lini. Safari ile ilidumu siku 35, na wafanyakazi wa serikali kama 800,000 hawakupata mishahara yao kwa wakati.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Januari ileile ilisainiwa sheria inayosema mfanyakazi wa serikali, akirudi kazini, alipwe siku zote zilizopita. Mwaka 2025, serikali ilipofungwa tena, yalizuka maneno kwamba huenda hata hao wasilipwe wote, lakini sheria iliyoifungua serikali Novemba ikathibitisha kwamba watalipwa. Sisi wa tenda sheria ile haitugusi. Mpishi, mfagizi, mlinzi wa kampuni binafsi: siku zikipita zimepita. Mimi kampuni ilinikata siku zangu zote za likizo, na zilipokwisha ikawa basi.

Wiki hizo migahawa mingi mjini ilikuwa inatoa chakula cha bure kwa wafanyakazi wa serikali, unaonyesha kitambulisho tu. Nilikwenda pahali pamoja na mwenzangu wa jikoni. Kijana wa mlangoni akakitazama changu, akakigeuza, akaniambia kwa upole kabisa, "Samahani, mama, hiki ni cha kampuni." Rangi ya ukingo wake ilikuwa tofauti. Tulikuwa tunapita mlango mmoja asubuhi na wale waliokuwa ndani wanakula, na hata mimi sikuwahi kuitilia maanani ile rangi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: leo, kabla hata hujasikia habari ya Bunge kuvutana, chukua hati yako ya mshahara usome jina la mwajiri. Kama ni kampuni, muulize msimamizi kwa maandishi: jengo likifungwa, tunalipwa? Bima ya afya inaendelea? Jibu lolote watakalokupa, lihifadhi.

La pili, fungua dai la bima ya kukosa ajira wiki ileile unaposimamishwa, usingoje kuona kama mambo yatakuwa mazuri. Na dai linafunguliwa kule ulikofanyia kazi, si unakolala. Mimi naishi Silver Spring, mji wa Maryland, nikaomba Maryland, kumbe kazi yangu ilikuwa Washington. Nikaanza upya, wiki nzima imepotea. Mfanyakazi wa serikali akilipwa mishahara yake ya nyuma anatakiwa kuirudisha ile bima. Wewe wa tenda usiyelipwa nyuma huna cha kurudisha, kwa hiyo usiogope kuiomba.

Mwenye nyumba mwandikie kabla ya tarehe moja. Idara ya utumishi ya serikali ilitoa barua za mfano za kuwaandikia wenye nyumba na wadai. Nilichukua moja, nikabadilisha maneno yaifae hali yangu, nikaweka na namba ya simu ya msimamizi wangu. Nilipewa hadi tarehe 15 bila faini. Jirani yangu aliyekaa kimya kwa aibu alipigwa faini, na aibu haikumwondokea.

Halafu upatu. Tulikuwa wanawake kumi, dola mia kila mmoja kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa Juni. Nilitaka kujitoa kimyakimya. Dada mmoja kutoka Mombasa, mwenye zamu ya Januari, alipopata habari alinijia juu: "We, unajitoa wapi? Upatu tuliuanzisha wa nini?" Akanipa zamu yake, akachukua ya Juni. Kodi ya nyumba ikalipika. Usijitoe upatu, sema shida yako kikaoni.

Na nyumbani waambie. Mama yangu aliyapata madawa yake kwa sababu alijua mapema, akamwomba mjomba.

Hayo ni ya tumbo. Lakini kuna hasara nyingine ambayo hainitoki, na sijui kwa nini watu huiona kama anasa. Makumbusho makubwa ya serikali hapa Washington hayana kiingilio. Mama mwenye watoto watatu, Jumamosi ya baridi, mfukoni ana nauli tu, anawapeleka kuona picha, mifupa ya dinosaria, vyombo vya anga. Mwaka 2018, kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa za Afrika, palikuwa na maonyesho ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, vitu vingine vimeazimwa kutoka Kenya na Oman. Nilimpeleka binti yangu, akaona vito na picha za kale za watu wa pwani, akauliza, "Mama, hawa ni sisi?" Maonyesho yale yalimalizika Septemba. Yangepangwa yaishe mwishoni mwa Januari 2019, siku zake za mwisho zingepotea, kwa sababu vitu vya kuazima vina tarehe ya kurudi na havingoji Bunge. Ndivyo ilivyotokea 1995, makumbusho ya sanaa ya taifa yalipokusanya picha 21 za Vermeer, mchoraji wa kale wa Uholanzi, katika 35 hivi zinazojulikana duniani. Siku mbili tangu yafunguliwe, serikali ikafungwa. Ilipofungwa tena Desemba, ilibidi watafute fedha za watu binafsi ili maonyesho yale tu yafunguliwe, jengo lingine lote likiwa giza.

Serikali ikifungwa wakati una wageni, usiwaambie hakuna pa kwenda. Makumbusho binafsi kama The Phillips Collection huendelea, na fedha ya tiketi yako ndiyo inayowalipa watu wao.

Mwaka 2025 serikali ilifungwa kwa siku 43, kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba. Nilikuwa nimeshaondoka mkahawani, ila niliwaona wengine. Msaada wa chakula unaotegemewa na watu kama milioni 42 ukakwama mwanzoni mwa Novemba, na kwenye jengo letu tulianza kupika sufuria moja kubwa ya maharage kila jioni, kila ghorofa na zamu yake. Ukisikia jirani mwenye watoto amekuwa mkimya, gonga mlango.

Jirani yangu mmoja ni mpiga ngoma, alisomea sanaa Bagamoyo. Analipwa kwa onyesho: shule, maktaba, siku za watoto makumbusho. Mwaka 2019 maonyesho yake manne yalifutwa kwa barua pepe ya mistari miwili, hakupata hata senti, na ngoma alikwisha zinunulia ngozi mpya. Tulikaa jikoni kwangu tukauandika upya mkataba wake, tukaongeza kifungu: onyesho likifutwa kwa sababu ya serikali kufungwa, msanii analipwa nusu, au anapewa tarehe nyingine ndani ya miezi sita, yeye achague. Wateja wake wawili walikataa kusaini. Watatu walikubali. Oktoba 2025 onyesho lake moja lilifutwa, na hundi ya nusu ikafika Desemba.