Mpini wa katana ukilegea: usiupige msasa msuka

Ndugu yangu, nimekuelewa: katana, upanga wa Kijapani, uliyorithi inacheza ndani ya mpini, msuka wake, yaani ile sehemu ya chuma iingiayo mpinini, umeota kutu nyeusi, nawe unataka kuupiga msasa kisha uugandishe mpini kwa gundi. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo.

Kutu hiyo ndiyo cheti cha umri wa upanga. Wajuzi huisoma rangi yake pamoja na sahihi ya mfua chuma iliyochongwa hapo, na ukiisugua hairudi tena. Gundi nayo itakufungia njia, kwa sababu mpini wa Kijapani, ambao ni mti wa honoki uliovikwa ngozi ya samaki taa na kuzungushiwa utepe wa hariri, umeundwa ili ufunguliwe, ukishikiliwa na kijiti cha mwanzi kiitwacho mekugi. Mara nyingi kijiti hicho ndicho kilichochoka. Changu nilikikuta kimepondeka katikati kama mswaki wa mti uliotafunwa. Nilipotia kipya cha mwanzi mkavu, mpini ulitulia.

Kijiti cha zamani kitoe kwa nyundo ndogo ya shaba. Kisha shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, upanga ukiwa umesimama kwa kuinama kidogo na makali yakiwa mbali nawe, ugonge kiwiko cha mkono huo, pale penye saa, kwa ngumi ya kulia, taratibu, hadi msuka ulegee. Bapa usiliguse kwa vidole, maana jasho huleta kutu.

Ikiwa bapa lenyewe lina kutu, au mti wa mpini umepasuka, mpelekee mnoaji aliyefunzwa panga za Kijapani. Mashine ya kunolea huharibu hamon, ule mstari wa ukungu kandokando ya makali.