Diski nyepesi za breki ukiishi Malindi: uliza kwanza uzito umepunguzwa wapi

Tangu nibadilishe diski za mbele za Toyota 86 yangu, vijana wenye magari ya spoti hapa Malindi wananiuliza jambo moja: diski gani ni nyepesi kuliko zote, na inapatikana wapi? Nami huwarudishia swali: huo uzito umeondolewa sehemu gani? Diski mbili zinaweza kutoshana kabisa kwenye mizani, moja ikakufaa miaka, na nyingine ikakusaliti siku unayokaribia daraja la Kilifi nyuma ya lori la chumvi linalofunga breki ghafla.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Gari la kilo 1,400 pamoja na watu na mafuta, likienda kilomita 100 kwa saa, limebeba nishati ya takriban kilojuli 540. Ukilisimamisha, karibu yote hugeuka joto ndani ya breki. Breki za mbele ndizo hubeba sehemu kubwa. Tuseme asilimia 70, yaani kilojuli 378 hivi. Kama diski za mbele zina kilo 8 kila moja, kusimama mara moja kunazipandisha joto kwa nyuzi 50 hivi. Zikiwa na kilo 6, ni karibu nyuzi 70. Na ukiwa kwenye 140 badala ya 100, joto linakaribia kuwa maradufu, kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa mwendo.

Nyuzi 70 kwa mara moja si kitu. Tatizo ni kwamba barabara yetu haikuombi usimame mara moja. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na njiani kuna Gede, Matsangoni, Kilifi, Mtwapa, kila mji na matuta yake, na katikati bodaboda zinazoingia barabarani bila kutazama. Joto la tuta la kwanza halijapoa, la pili limeshafika. Mpishi wa wali anajua tofauti ya sufuria nzito na sufuria nyembamba. Moto ni ule ule, lakini moja huunguza. Pete ya diski, yaani ile sehemu inayobanwa na pedi, ndiyo inayopokea joto hilo. Pete ikipunguzwa unene, gari limepungua uzito na breki zimepungua uwezo.

Kwa nini basi mtu atake diski nyepesi? Sababu ipo, na ni nzuri. Diski, rimu na tairi ni uzito ambao springi haziubebi. Gurudumu likipanda kiraka cha lami, uzito huo ndio ambao shokomzoba huhangaika kuurudisha chini. Ukiwa mdogo, tairi linakaa ardhini muda mwingi zaidi na usukani unakuwa hai mkononi. Kwenye viraka vya barabara ya Watamu nimeihisi tofauti hiyo wazi, ingawa kwenye mizani nilipata nafuu ya zaidi kidogo ya kilo moja tu kila upande.

Lakini asikudanganye mtu kwamba diski nyepesi zitakufupishia umbali wa kusimama. Kama breki zako sasa zinaweza kulifunga gurudumu mpaka mfumo wa kuzuia kuteleza uanze kutetemesha pedali, basi kinachobaki kukusimamisha ni tairi. Seti nzuri ya tairi itafanya kazi ambayo diski yoyote haiwezi.

Nilichochagua mimi ni diski za vipande viwili. Pete ni ya chuma cha kusubu, unene ule ule wa kiwandani, na sehemu ya katikati inayokaa kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, ni ya alumini, vimeunganishwa kwa bolti. Alumini ina uzito wa chini ya nusu ya chuma kwa ujazo ule ule, kwa hiyo kilo zinaondoka mahali pasipofanya kazi ya kupokea joto. Faida nyingine ni kwamba zile za aina nzuri huiachia pete nafasi ndogo ya kutanuka inapopata moto bila kujipinda. Nakiri pia upungufu wake: uzito uliotolewa karibu na ekseli hausaidii sana gari kushika kasi. Kama hamu yako ni gari lichomoke haraka zaidi, rimu nyepesi zitakupa zaidi, kwa kuwa uzito wa rimu uko mbali na kitovu.

Diski zilizotobolewa matundu kote ninazikwepa. Zinavutia macho nyuma ya rimu, kweli, na kwenye mvua ya masika zinatoa maji upesi. Lakini nyufa hupenda kuanzia kwenye tundu, na yale matundu hayapunguzi uzito wa maana. Zenye mifereji ya kuchongwa usoni nazikubali, japo hula pedi haraka kidogo. Za kaboni na seramiki, zile ambazo Porsche ilianza kuziweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001 na zina takriban nusu ya uzito wa chuma, ni kitu cha ajabu, ila seti moja mpya inaweza kukugharimu bei ya gari dogo zima. Tuyaache hayo.

Sasa chumvi. Hili ndilo mwenye gari Nairobi hana haja ya kuliwaza, nasi hatuna ruhusa ya kulisahau. Anayekaa Casuarina au Silversand anapuliziwa upepo wa bahari mchana na usiku, na kusi ikikolea hata vioo vya nyumba huwa na ukungu wa chumvi. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukianza kwenye ukingo wa bolti, kisha bolti inagoma kufunguka, na siku ya kubadilisha pete unavunja kila kitu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hakikisha mambo haya: alumini iwe imewekewa ngozi ngumu ya kinga, ile nyeusi au ya dhahabu inayotiwa kwa umeme, si rangi ya kupuliza, bolti ziwe zimepakwa kinga, na pete pamoja na bolti ziuzwe peke yake. Hili la mwisho watu hulipuuza. Pete ikiisha, unanunua pete tu na sehemu ya alumini inaendelea, na hapo ndipo gharama ya mwanzo inaporudi. Muuzaji akikwambia lazima ununue seti nzima, mwache.

Grisi ya shaba ambayo mafundi wengi huipaka kwenye habu, usiipake penye alumini. Shaba na alumini vinagombana kuliko hata chuma na alumini. Tumia ile isiyo na shaba, kidogo sana, na isikaribie uso wa pete.

Gari likikaa wiki nyingi bila kutembea, kama yanavyokaa mengi hapa wenyewe wakiwa safarini, pedi hushikana na kutu ya diski na kuacha alama itakayokutetemesha usukani baadaye. Ile kutu nyepesi ya asubuhi haina neno, inafutika kwa breki za kwanza. Osha magurudumu kwa maji ya mfereji. Visima vingi vya huku vina chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Ukimaliza kuosha, zunguka kidogo na ufunge breki taratibu zikauke kabla ya kuegesha.

Kununua: nenda na mizani. Mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, inatosha kabisa. Pima diski yako ya zamani na ile mpya. Pima pia unene wa pete, na utafute kiwango cha chini cha unene kilichochapwa kwenye diski. Isipokuwa na alama hiyo, wala jina la mtengenezaji, usiifunge kwenye gari lako. Nimeletewa diski zilizoitwa nyepesi ambazo wepesi wake wote ulitokana na kuta nyembamba za njia za hewa ndani ya pete. Chungulia humo kwa tochi. Na usiagize kwa jina la gari pekee: Toyota 86 nyingi zina diski ya mbele ya milimita 294, lakini matoleo ya bei nafuu ya Japani yalitoka na ndogo zaidi. Pima yako. Kama njia za hewa zimepinda, diski ya kulia na ya kushoto si moja.

Siku ya kufunga, kaa na fundi. Mzee mmoja anayenifanyia kazi hapa mjini alisugua habu kwa brashi ya waya mpaka nikadhani amemaliza, akasema, "Bado, mwanangu, kutu hii ndiyo itakayokusumbua." Kweli, chembe ya kutu chini ya diski inaifanya iyumbe, na watengenezaji wengi hawataki iyumbe zaidi ya sehemu ndogo sana ya milimita. Yumbo hilo ndilo baadaye huifanya pedi ijipake vibaya usoni mwa diski, na watu husema diski imepinda. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa mpango wa nyota, yaani ukitoka nati moja unavuka hadi ya upande wa pili.

Weka pedi mpya na diski mpya, kisha uzizoeshe. Mimi hutoka alfajiri kuelekea Marereni, kabla malori ya viwanda vya chumvi hayajajaa, napunguza mwendo kutoka 80 hadi 20 mara kadhaa bila kusimama kabisa, halafu naendesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Mafuta ya breki yabadilishe pia. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu hushuka hadi kuelekea 155, na hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Usisubiri miaka miwili.

Na kama gari lako halitoki sana nje ya Malindi na Watamu, nunua diski za kawaida za kipande kimoja zilizopakwa kinga ya kutu, pedi nzuri na tairi bora. Pesa itakayobaki, anza kuiweka akiba ya rimu nyepesi.