Maswali ya Wasomaji: Geneva, Ziwa Lake na Mji Wake wa Kale

Barua za juma hili zote zinahusu Geneva, na nyingi zimeandikwa na watu wanaopita hapo wakielekea kwingine. Nimejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nimepangiwa siku moja Geneva katika ziara ya miji saba. Nianzie wapi? (Msomaji, Nairobi)

Anza kwa kumwomba aliyekuandalia ziara akupunguzie miji miwili au mitatu. Ziara za namna hii humfanya mtu avione vituo vya treni kuliko miji yenyewe, na gharama yake ingetosha kukaa mahali pamoja kwa utulivu na kupaelewa. Ikishindikana, achana na maduka ya Rue du Rhône, upande kwa miguu hadi mji wa kale. Ingia katika kanisa kuu la Saint-Pierre, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1160. Ndani ni peupe, kwa kuwa Waprotestanti wa karne ya 16 waliondoa sanamu na mapambo, lakini kiti cha mbao kinachosemekana kuwa cha Calvin, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa mjini humo, kipo hadi leo. Panda ngazi 157 za mnara wa kaskazini, kwani ukiwa juu ndipo utakapoona jinsi ziwa linavyobanwa katikati ya mji na kugeuka mto. Ukishuka, pitia bustani ya Bastions uone Ukuta wa Matengenezo ya Kanisa, ulioanza kujengwa mwaka 1909, miaka 400 baada ya Calvin kuzaliwa.

Hukuuliza hili, lakini nakusihi ufike pia mtaa wa Champel. Huko ndiko Michael Servetus, tabibu Mhispania aliyepinga fundisho la Utatu, alikochomwa moto akiwa hai tarehe 27 Oktoba 1553, katika mji huohuo uliowapokea wakimbizi wengi wa dini. Jiwe la kumbukumbu yake liliwekwa mwaka 1903. Anayeutazama ule Ukuta bila kulifahamu jiwe hili ameelezwa nusu ya habari.

Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya. Je, viza ya Schengen itakubalika? (Wasomaji kadhaa)

Itakubalika. Uswisi imo katika eneo la Schengen tangu Desemba 2008, na nimeshalijibu swali hili mara nyingi mno. Ninachowaomba ni kuisoma viza yenyewe mnapokabidhiwa pasipoti: idadi ya siku, tarehe ya mwisho, na kama inaruhusu kuingia mara moja au zaidi. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si kwa ubalozi unaosifiwa vijiweni kuwa ni mwepesi. Bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 ni sharti. Msinunue karatasi za bima kwa wakala asiyeweza kuwaonyesha kampuni iliyo nyuma yake.

Nimezaliwa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kwa nini nilipe fedha nyingi kwenda kutazama ziwa dogo? (Msomaji, Mwanza)

Kwa ukubwa huna la kutafuta huko, maana Ziwa Geneva lina kilomita za mraba zipatazo 580, na Victoria inalizidi zaidi ya mara 100. Unachokwenda kuona ni namna maji yalivyouzaa mji. Mto Rhône hutoka ziwani mahali hapo, na penye mlango wa mto palikuwa na daraja ambalo Julius Caesar aliamuru livunjwe mwaka 58 kabla ya Kristo ili Wahelveti, kabila la huko, wasivuke. Simama kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto, penye mnara wa karne ya 13 uitwao Tour de l'Île, uyatazame maji yakipita kwa kasi pande zote mbili. Utaelewa kwa nini kila mtawala aliyetaka njia hii alihitaji kwanza kuushika mji huu.

Wewe wa Mwanza, hasa, tazama pia usafi wa maji. Ziwa hilo liliwahi kuchafuka vibaya kwa kemikali za fosfeti za majumbani na mashambani, hadi mwani ukatanda na hewa ikapungua kwenye kina. Waswisi walijenga mitambo ya kusafisha majitaka, na mwaka 1986 wakapiga marufuku fosfeti katika sabuni za kufulia. Leo watu wanaogelea katikati ya mji, pale Bains des Pâquis, kwenye majengo yaliyosimama tangu mwaka 1932. Sisi tunaopambana na magugu maji na mifereji inayomwaga uchafu ziwani tunapaswa kurudi na maswali kwa halmashauri zetu.

Nilifika nikakuta ule mrusho mkubwa wa maji umezimwa. Nilidanganywa? (Msomaji, Muscat)

La. Jet d'Eau hurusha lita 500 kwa sekunde hadi mita 140, na huzimwa upepo unapokuwa mkali au baridi inapogandisha. Ulianza mwaka 1886 kama njia ya kupunguza shinikizo katika mtambo wa maji uliokuwa mtoni, ukahamishiwa ziwani mwaka 1891. Usiufanye sababu pekee ya safari.

Maji ya bomba yanafaa kunywa?

Yanafaa; acheni kununua ya chupa.

Je, mgeni wa kawaida anaruhusiwa kuingia ofisi za Umoja wa Mataifa? (Msomaji, Bujumbura)

Anaruhusiwa kwa ziara yenye mwongozaji, mradi ameweka nafasi mapema na amebeba pasipoti. Wanaofika langoni mikono mitupu huishia kupiga picha chini ya kiti kikubwa chenye mguu uliokatika, kilichowekwa mwaka 1997 kupinga mabomu ya ardhini. Jengo hilo, Palais des Nations, lilijengwa kwa ajili ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, na kwa Mwafrika historia ya shirikisho hilo ni chungu. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama mbele yake mjini Geneva kuieleza dunia jinsi Italia ilivyoivamia Ethiopia. Waandishi wa habari wa Kiitaliano walimzomea na kumpigia miluzi hadi wakatolewa ukumbini, naye akaendelea kuhutubia kwa Kiamhari. Hakupata msaada alioutaka. Soma habari hii kabla ya kwenda.

Teksi kutoka uwanja wa ndege ni bei gani?

Huihitaji. Treni hufika kituo cha Cornavin kwa dakika zipatazo 7. Hoteli hukupa bure kadi ya usafiri inayotumika kwenye mabasi, tramu na vile vivuko vya manjano vya ziwani. Wadai kama wamesahau.

Desemba ni wakati mbaya wa kwenda? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa anayependa historia, ndio mwezi bora. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1602, askari wa Mtawala wa Savoy waliparamia kuta za mji kwa ngazi wakashindwa, na simulizi husema mama mmoja aliwamwagia sufuria la supu ya moto. Katika sikukuu ya Escalade, inayokumbuka usiku huo, madukani hujaa masufuria ya chokoleti, na nyumbani mkubwa na mdogo kuliko wote waliopo hushikana mikono kulivunja. Maandamano ya mavazi ya kale hufanywa mwishoni mwa juma lililo karibu na tarehe hiyo. Chukua koti zito, kwa sababu upepo uitwao bise huvuma ziwani kutoka kaskazini-mashariki na kupenya sweta, na kumbuka kwamba kabla ya saa kumi na moja jioni jua huwa limeshazama.