Kwanza Uliza Mwanya Wako ni Upi

Wadogo zangu mliofika Marekani juzi juzi, kocha wa shule akaona mna miili akawavisha helmeti za futiboli ya Kimarekani na kuwapanga mstari wa mbele wa ulinzi: msianze kuhesabu mmemwangusha kwotabeki, yule mpinzani anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, mara ngapi. Anzeni kwa kuuliza, "Kocha, mwanya wangu ni upi?"

Kuna mifumo inayompa kila mlinzi wa mbele mwanya mmoja, kati ya wapinzani wawili. Mpira ukitoka tu, unachomoka, unapenya, unaharibu. Mingine inakuweka uso kwa uso na mpinzani: unamdaka, unamsimamisha, unachungulia mkimbiaji mwenye mpira anapita kulia au kushoto, kisha unamsukuma pembeni umvae mkimbiaji. Hapo mianya miwili yote ni yako; huku ndiko kuziba. Kazi hii haina makofi. Ukiifanya vizuri, anayeandikwa kwenye takwimu ni mwenzako wa nyuma aliyefika bila kuguswa na mtu.

Majina ya 4-3 na 3-4 (namba ya kwanza ni walinzi wa mstari wa mbele, ya pili ni wanaosimama nyuma yao) yasiwadanganye. Wengi huamini mtu wa pembeni kwenye 3-4 kazi yake ni kuziba. Msimu wa 2012 J.J. Watt wa Houston Texans, timu ya NFL, ligi kuu ya kulipwa, akicheza 3-4 ya kocha wa ulinzi Wade Phillips, aliwaangusha makwotabeki mara 20.5 (nusu hutokea wawili wakigawana). Phillips alimwachia apenye. Mwaka 2018, Phillips huyohuyo akiwa timu ya Rams, mlinzi wake Aaron Donald naye akafikisha 20.5. Vince Wilfork, mlinzi wa katikati wa timu ya Patriots, hakuwahi kukaribia hesabu hizo, lakini kumtoa pale katikati kulihitaji watu wawili. Mimi ningemchukua kikosini kwangu bila kufikiri mara mbili.

Mfumo ndio unaoamua hata mguu wako. Wa kupenya unataka uzito mwingi uegemee mkono ulioushika ardhini kabla mpira haujatoka, na hatua ya kwanza iingie mwanyani. Wa kuziba unataka uzito usawa na hatua fupi sana, maana ukirefusha, mtu wa kilo 130 anakukuta mguu mmoja uko hewani. Kocha mpya akija, ubora wako unaweza kuonekana umeshuka kumbe miguu bado inacheza mfumo wa zamani.

Yasiyobadilika ni machache. Tazama mpira, usisikilize sauti ya kwotabeki. Sauti ile ni mtego, na ukivuka mstari kabla mpira haujatoka timu inaadhibiwa yadi 5. Mikono yako iwahi ndani ya mikono ya mpinzani, kifuani, vidole gumba juu, viwiko vikiwa karibu na mbavu, nyonga chini kuliko zake. Kichwa juu daima. Anayegonga akiwa ameinamisha kichwa anaitafutia shingo yake balaa, na hapo sina mjadala.

Kama unadhani umechelewa, Ezekiel Ansah wa Ghana aliuanza mchezo huu mwaka 2010 akiwa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Mwaka 2013 Detroit Lions wa NFL walimchukua akiwa chaguo la 5 pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu.

Baada ya mechi omba video. Usitazame mpira ulikoenda; tazama hatua zako mbili za kwanza, kila mara mpira ulipotoka, kocha akiwa pembeni yako.