Ufini hawakati miti kwa kukisia
Je, Ufini, nchi ya misitu kaskazini mwa Ulaya, hukata miti kwa kukisia tu? La, hawakisii. Ufini wanapima misitu ya nchi nzima tangu 1921. Norwe walitangulia 1919. Mpimaji huchukua unene wa shina mita 1.3 kutoka ardhini, na kwa baadhi ya miti hutoboa kwa keekee nyembamba, akachomoa kijiti cha mbao na kuhesabu pete za miaka. Ndivyo wanavyojua msitu unakua kiasi gani, mkoa kwa mkoa. Lapland, mkoa wa kaskazini kabisa mwa Ufini, kwenye baridi kali mti hukua polepole mno kuliko kusini, hivyo kiwango cha kukata hakiwezi kuwa kimoja. Ila ujazo wa mbao si uhai wote wa msitu: miti mizee na magogo yanayooza, makao ya kuvu na wadudu wengi, bado ni machache mno kwenye misitu inayovunwa.