Kiini cha Linux na maswali ya bure

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kompyuta mpakato yangu ina RAM ya GB 4, natumia Linux. Rafiki kanifundisha amri ya kusafisha RAM, drop_caches, nikaipanga ijiendeshe kila saa. Nafasi naiona imeongezeka, lakini mashine inazidi kuwa nzito. Halafu nasikia wanaoandika kiini cha Linux (kernel, sehemu ya mfumo inayosimamia RAM, diski na prosesa) wanajisifia kupunguza kazi. Kupunguza kazi kunaongezaje kasi?
Mwanafunzi wa chuo, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ifute kwanza hiyo amri, ndipo tuzungumze.

Unachokitupa kila saa ni akiba. Kiini kikisoma faili kwenye diski huacha nakala yake kwenye RAM iliyokaa bure, ili ukiliomba tena usisubiri. Programu ikihitaji nafasi, nakala hizo huachiliwa. Wewe unazifuta, dakika mbili baadaye kivinjari kinazitaka, diski inaanza kukimbizwa upya. Andika free -h, kisha utazame safuwima ya available, yaani nafasi ambayo programu zinaweza kuipata. Ile ya free ndiyo inayokutia wasiwasi wa bure.

Sasa hao wa kiini. Ujanani nilikuwa karani wa ghala la korosho Mtwara. Hati ya shehena ilifungwa kwenye gunia la kwanza tu, na kila aliyegusa gunia, awe mpimaji, mchukuzi au mlinzi, alitakiwa kuuliza: hili ni la kwanza au la nyuma? Gunia lilelile liliulizwa mara nne kabla ya kufika mlangoni. Jibu halikubadilika hata siku moja. Nilimwambia mkubwa wangu, akanihamishia zamu ya usiku.

Linux ilikuwa na ugonjwa huohuo. RAM hugawanywa kurasa, kwa kawaida za baiti 4096. GB 4 zako ni kurasa 1,048,576, na kila ukurasa una kadi yake ya maelezo, ya baiti 64. MB 64 zimekwenda kwa kadi peke yake! Kurasa zikifungwa pamoja, maelezo ya fungu hukaa kwenye kadi ya kwanza. Kwa hiyo fanksheni (kipande cha msimbo) iliyopewa kadi iliuliza, kupitia fanksheni ndogo iitwayo compound_head, kama imeshika kichwa, yaani kadi ya kwanza, au mkia, yaani ya nyuma. Ikaita fanksheni nyingine, nayo ikauliza palepale upya.

Matthew Wilcox, mmoja wa waandishi wa kiini, akaleta folio, yaani kadi ya kichwa inayosimamia fungu zima, iliyoingia toleo la 5.16 la kiini, Januari 2022. Folio haiwi mkia kamwe. Swali linaulizwa mlangoni, humo ndani kila mtu anaendelea na shughuli zake. Swali moja ni hatua chache tu za prosesa, ila njia hiyo hupitwa mara mamilioni. Kubadilisha msimbo wote uliozoea kurasa ni kazi ya miaka, na sioni ajabu: jaribu kubadilisha daftari la ghala wakati malori yanashusha.

Uvivu wa zamani zaidi uko kwenye fork, njia ya programu inayoendeshwa (mchakato) kuzaa nyingine. Mchakato ukizaa mtoto, kurasa zao za data hazinakiliwi. Wanazitumia pamoja mpaka mmoja aandike, na hapo hunakiliwa ukurasa ule tu. Mara nyingi mtoto hupakia programu nyingine papo hapo, nakala ingetupwa.

Lakini usidhani kila kazi inayoonekana haina maana inafutwa. Ukurasa uliotumiwa na programu moja hujazwa sufuri kabla ya kupewa nyingine. Inakula muda, naam. Bila hivyo, nywila uliyoandika asubuhi ingeweza kukutwa humo jioni na programu usiyoijua.