Safisha jedwali likiwa bado Excel

Kila robo mwaka inapoisha naletewa mafaili ya Excel kutoka idara mbalimbali, na kazi yangu ni kuyaingiza kwenye ripoti moja ya Word itakayokwenda kwa mfadhili. Wenzangu wanaofanya kazi kama hii huniuliza namna ya kunyoosha jedwali lililovurugika, na karibu wote huuliza wakiwa wameshalibandika. Safu zimetoka nje ya karatasi, namba zimepanda mistari miwili, kichwa cha jedwali kimeachwa ukurasa wa nyuma. Nikilifungua faili la asili naona kwamba sehemu kubwa ya uchafu huo ilikuwepo tangu Excel, ila huko haukumsumbua mtu. Ndiyo maana siku hizi naanzia huko, hata kama muda umebana.

Excel haijali ukurasa. Karatasi yake moja ina safu 16,384 na mistari 1,048,576, na mtu anajaza huku akisogea kulia bila kugusa ukuta. Jedwali la Word mwisho wake ni safu 63, na hata hizo ni za nadharia tu, kwa sababu karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukitoa pembezoni za kawaida, sentimita 2.54 kila upande, unabaki na sentimita 15.92. Namba kama 1,250,000,000.00 ikiandikwa kwa Times New Roman saizi 10 inachukua karibu sentimita 2.5, na Word inaongeza nafasi ya sentimita 0.19 kila upande wa seli. Sasa weka safu tano za namba za namna hiyo: bajeti, fedha zilizopokelewa, zilizotumika, ahadi, bakaa. Zimekula zaidi ya sentimita 14. Safu ya maelezo ya shughuli imebakiwa na sentimita moja na nusu, na humo unataka kuandika “Uhamasishaji wa jamii kuhusu bima ya afya”. Neno refu litakatwa vipande, na hakuna kitufe cha Word kitakachokuokoa.

Dawa yake ni kupunguza tarakimu. Weka namba kwa maelfu na uandike juu ya jedwali “Sh. '000”. Huhitaji kugawanya chochote: chagua safu za namba, bonyeza Ctrl+1, nenda Custom, andika #,##0, pamoja na hiyo koma ya mwisho. Koma hiyo ndiyo inayoficha tarakimu tatu. Bilioni moja na robo itaonekana 1,250,000, safu zako tano zitatosha kwenye sentimita 9, na maelezo yatapata karibu sentimita 7. Wahasibu wengine hawalipendi jambo hili, wanataka mpaka senti, senti ambazo hakuna aliyezishika mkononi siku hizi. Msimamo wangu ni kwamba namba kamili zikae kwenye kiambatisho cha Excel, kwa sababu msomaji wa ripoti anatafuta picha ya matumizi, hafanyi ukaguzi wa hati.

Lakini jihadhari na jumla. Word hupokea kile kinachoonekana kwenye seli, si thamani iliyo nyuma yake. Sh. 1,250,400 itafika ikiwa 1,250, na Sh. 2,300,400 itafika ikiwa 2,300, ila jumla yake, Sh. 3,550,800, itafika ikiwa 3,551. Msomaji akijumlisha kwa kikokotoo anapata 3,550 na anaanza kukushuku. Unaweza kutumia ROUND ili jumla ikubali, ila hapo ripoti itapishana na leja. Mimi huacha tofauti ilivyo na kuandika chini ya jedwali kwamba jumla zinaweza kupishana kidogo kwa sababu namba zimekadiriwa kwa maelfu. Sentensi moja inatosha kuzuia barua pepe nyingi.

Kwa kuwa Word inachukua kinachoonekana, alama za ##### nazo zinahama. Safu ikiwa nyembamba huko Excel, hutabandika namba, utabandika reli hizo hizo. Panua safu zote kwanza: chagua karatasi nzima kwa Ctrl+A (ibonyeze tena kama imechagua eneo la data tu), kisha bofya mara mbili kwenye mpaka kati ya herufi mbili za safu. Na kama umechuja data au umeficha mistari, chagua eneo lako halafu bonyeza Alt pamoja na nukta mkato ndipo unakili. Hapo zinachukuliwa seli zinazoonekana tu.

Kuna mambo mawili ya Excel ambayo yakiachwa yanakuwa maumivu ya kweli Word. La kwanza ni seli zilizounganishwa. Kitufe cha Merge & Center kinapendwa mno, hasa kwenye vichwa vya habari vya juu, na jedwali likifika Word na seli za namna hiyo huwezi tena kushika safu moja kuanzia juu hadi chini ukaibadilisha upana. Ukivuta mpaka, unasogea kwenye mistari michache na mingine inabaki nyuma. Tenganisha seli zote ukiwa Excel. Kama unataka kichwa kikae katikati ya safu kadhaa, nenda Ctrl+1, Alignment, na kwenye Horizontal chagua Center Across Selection. Kwa macho ni kitu kile kile, ila seli zinabaki huru. Kama kweli unahitaji kuunganisha, unganisha Word, mwishoni kabisa, kila kitu kikiwa kimeshatulia.

La pili ni mistari iliyovunjwa kwa Alt+Enter ndani ya seli. Mtu anaandika majina ya kata tatu kwenye seli moja, moja chini ya nyingine. Ukibandika kama maandishi matupu, Excel inaizungushia seli hiyo alama za kunukuu na kila kata inakuwa mstari wake, basi mpangilio wote unasambaratika. Fungua Ctrl+H, kwenye kisanduku cha kutafuta bonyeza Ctrl+J (hutaona kitu zaidi ya kidoti kinachopepesa, usishtuke), kwenye cha kubadilisha weka koma na nafasi, kisha badilisha zote.

Ukimaliza hapo ndipo unakili. Kubandika kwa Ctrl+V peke yake kunamwachia Word aamue, na mara nyingi anachukua fonti, rangi na vimo vya mistari vya huko ulikotoka. Mimi hubandika, kisha papo hapo nabonyeza Ctrl, naiachia, halafu herufi S, yaani jedwali litii mitindo ya waraka unaoupokea. Faili likiwa chafu kupindukia, lenye rangi za kila aina na fonti tatu, natumia T badala ya S. Hiyo inaleta maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa tabo, ambayo unayachagua na kuyageuza kuwa jedwali kupitia Insert, Table, Convert Text to Table. Kabla ya kubofya OK tazama idadi ya safu iliyopendekezwa. Ukiona saba wakati wewe unazo sita, kuna tabo ya ziada mahali fulani, rudi uitafute.

Kubandika kama picha nakukubali kwa chati tu. Jedwali la picha halitafutiki, halirekebishiki, likipunguzwa namba zinafifia, na mtu anayesomewa waraka na programu kwa sababu ya uoni hafifu hapati hata tarakimu moja.

Kuna njia moja ya kubandika ambayo naikataza kabisa ofisini kwetu, nayo ni ile ya Paste Special inayoliingiza jedwali kama Microsoft Excel Worksheet Object. Inavutia kwa sababu jedwali linatokea safi, kama lilivyo. Tatizo ni kwamba halikuja peke yake: kitabu kizima cha Excel, na karatasi zake zote, kimehamia ndani ya Word. Anayepokea waraka akibofya mara mbili kwenye jedwali, kitabu kinafunguka. Niliwahi kutumiwa taarifa ya shughuli na shirika moja, nikabofya jedwali la mahudhurio ya semina, nikajikuta natazama karatasi ya pili yenye mishahara ya wafanyakazi wao wote. Waliotuma hawakujua. Kama umeshapokea au kutengeneza nyaraka za hivyo, bofya kila jedwali mara mbili uone kama Excel inaamka.

Viungo vinavyojisasisha, yaani jedwali la Word linalovuta namba kutoka faili la Excel, vina faida, ila ndani ya kompyuta moja. Kiungo kinakumbuka njia ya faili, na kama faili lilikuwa kwenye flashi, siku flashi ikichomolewa jedwali haliwezi tena kupata namba mpya. Nikitumia viungo wakati wa kuandaa rasimu, nachagua waraka wote kwa Ctrl+A na kuvikata kwa Ctrl+Shift+F9 kabla ya kutuma. Fanya hivyo kwenye nakala, maana mkato huo unagandisha pia orodha ya yaliyomo na namba za majedwali zinazojipanga zenyewe. Kwa wanaotumia Google Docs, ukibandika kutoka Sheets utaulizwa kama unataka kiungo. Kataa, isipokuwa una sababu.

Sasa tupo Word. Chagua jedwali lote kwa kubofya kile kialama cha mishale minne kwenye kona ya juu kushoto. Ctrl+Space inaondoa mapambo ya herufi, Ctrl+Q inaondoa mapambo ya aya. Kisha lipe mtindo mmoja. Nina mtindo wa aya niliouita “Ndani ya jedwali”: saizi 10, nafasi sifuri juu na chini ya aya, mistari iliyobanana. Bila mtindo wa namna hiyo, jedwali linaweza kuvuta nafasi ya pointi 8 ambayo Word huweka chini ya kila aya tangu toleo la 2013, na jedwali la nusu ukurasa linavimba hadi ukurasa mzima. Mfadhili akisema anataka saizi 9, nabadilisha mtindo mara moja na majedwali yote yanafuata.

Upana: kwenye Layout ya jedwali (ile inayotokea ukiwa ndani ya jedwali) chagua AutoFit Window ili jedwali lijae kati ya pembezoni, halafu nenda Table Properties, Options, uondoe tiki ya kujipanua kufuata maandishi. Usipoiondoa, safu zitacheza kila unapoandika. Kwenye kichupo cha Row ondoa tiki ya kimo kilichopangwa, kwa sababu kimo kilichotoka Excel kikishikiliwa kinakata maandishi katikati. Hapo hapo zuia mstari usikatike kati ya kurasa mbili. Kisha simama kwenye mstari wa kwanza na ubofye Repeat Header Rows. Kama kichwa kinakataa kujirudia ukurasa wa pili, angalia Text Wrapping, huenda imewekwa Around. Rudisha None.

Namba zikae kulia, pamoja na vichwa vya safu zake. Zikionekana hazijanyooka hata baada ya kuzipeleka kulia, aliyeandaa faili alitumia muundo wa Accounting, ambao unakuja na nafasi tupu mbele na nyuma ya tarakimu. Chagua safu za namba tu, fungua Ctrl+H, tafuta ^w, acha kisanduku cha kubadilisha kitupu, badilisha zote, na Word ikiuliza kama iendelee kwenye waraka mzima jibu hapana. Ukikubali, au ukifanya hivyo kwenye safu ya majina, utapata watu wanaoitwa kwa neno moja refu.

Kuhusu mistari ya jedwali: vimistari vya kijivu vya Excel si mipaka. Jedwali likifika bila mipaka, Word inaweza kukuonyesha nukta nukta kwenye skrini ambazo printa haizitoi. Steshenari watakukabidhi kurasa zenye namba zinazoelea. Tazama Print Preview kwanza.

Ripoti ikiwa na majedwali mengi, makro hii fupi, yaani maelekezo ambayo Word inayatekeleza yenyewe, inafanya sehemu ya kazi. Hifadhi nakala ya waraka, bonyeza Alt+F11, chagua Insert, Module, bandika, halafu F5:

Sub SafishaMajedwali()
Dim j As Table
For Each j In ActiveDocument.Tables
j.AutoFitBehavior wdAutoFitWindow
j.Range.ParagraphFormat.SpaceAfter = 0
j.Rows.AllowBreakAcrossPages = False
j.Rows(1).HeadingFormat = True
Next j
End Sub

Itagusa kila jedwali lililo kwenye mwili wa waraka, hata lile ulilotumia kupanga sahihi za viongozi mwishoni, kwa hiyo lipitie hilo kwa mkono baadaye. Na ikisimama katikati ikilalamika kwamba haiwezi kushika mstari mmoja mmoja, jedwali iliyofikia lina seli zilizounganishwa kwa wima. Bofya Debug uone imekwama wapi, lirudishe jedwali hilo Excel, litenganishe, ulibandike upya.